PAKA WA NASABA, NA TAMAA YA KUMWONGEZA WA PILI

1. Paka na mji

Hakuna mtaa wa Dar es Salaam usio na paka. Katika Kariakoo huonekana alfajiri, kabla wachukuzi hawajaanza kushusha magunia, akitembea juu ya kuta za nyua. Na mchana humwona amelala chini ya meza ya mwuza dagaa, jicho moja limefumba na jingine li wazi, akingoja riziki yake. Mahali penye nafaka pana panya, na penye panya paka hakosi kazi.

Jina la Kariakoo lilitoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi mahali pale katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Vita vilipokwisha, mahali pa wapagazi pakawa pa wachuuzi. Jengo kubwa la soko, ambalo mchoraji wa ramani yake alikuwa Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2021 liliungua kwa moto. Katika mabadiliko hayo yote watu walihama na kuhamia, lakini paka alikuwapo siku zote.

Huyu mnyama hakuumbwa mjini. Wenye elimu ya viumbe wamekubaliana ya kuwa asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Karibu. Mwitu huyo yuko hata leo katika mbuga za Tanzania, na Waswahili humwita kimburu. Katika kisiwa cha Cyprus lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka wake yapata miaka 9,500 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Basi urafiki wa mtu na paka si wa jana. Ulianza ghalani, kwa sababu ya panya, na baadaye ukasafiri kwa vyombo vya baharini, maana mabaharia nao walikuwa na panya katika shehena zao. Katika miji ya pwani, kama Lamu, paka wembamba wenye miguu mirefu ni mashuhuri, na wageni huwastaajabia.

2. Maana ya nasaba

Paka wengi wa mitaani hawana habari za baba yao. Mama anajulikana, kwa kuwa alizaa chini ya ngazi ya nyumba fulani. Baba alikuja usiku akaenda zake. Paka wa nasaba ni mbali. Huyo wazazi wake wanajulikana, na wazazi wa wazazi wake, na majina yao yameandikwa katika hati. Hati hiyo huitwa hati ya nasaba. Mwenye kuitoa hupasiwa kuwa ni chama kinachoweka daftari ya paka, wala si mwuzaji peke yake aliyeandika karatasi nyumbani kwake.

Desturi hii si ya kale sana. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871, katika jumba lililoitwa Crystal Palace, na mwenye kuyatengeneza alikuwa Harrison Weir. Toka hapo watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzichagua mbegu za paka, kama wafugaji wanavyozichagua mbegu za ng'ombe: wengine wakapenda manyoya marefu, wengine rangi, wengine umbo la uso.

Lakini mtu achaguapo umbo, hupata pamoja nalo mambo asiyoyachagua. Paka wa Kiajemi ana manyoya marefu mazuri, na uso uliobanwa kama uliopigwa na mlango. Manyoya yale yataka kuchanwa kila siku, la sivyo husokotana na kuvuta ngozi. Na pua ile fupi humfanya avute pumzi kwa shida, hasa wakati wa joto, na machozi humtoka daima. Paka wa aina hiyo huweza pia kurithi maradhi ya mafigo, nayo hayaonekani akiwa mdogo. Kuna na paka wa masikio yaliyokunjwa, ambao wa kwanza wao alionekana Scotland mwaka 1961. Uso wao ni kama wa mtoto mchanga. Lakini kile kinachoyakunja masikio hudhuru na viungo vya miguu na mkia, wakapata maumivu ya maisha. Tena paka mweupe pepe mwenye macho ya buluu mara nyingi huwa kiziwi, asisikie gari lijapo nyuma yake.

Paka wa Siam ana ajabu nyingine. Mwili wake huwa mweupe-mweupe, na masikio, uso, miguu na mkia huwa vyeusi. Sababu yake ni kwamba rangi nyeusi hutokea mahali penye baridi zaidi katika mwili wake. Kwa hiyo paka wa namna hiyo akaaye katika nchi ya joto huwa mweupe zaidi kuliko nduguye akaaye katika nchi ya baridi.

3. Kadzonzo wa Sokoke

Wengine hudhani ya kuwa paka wa nasaba lazima atoke ng'ambo. Sivyo. Mbegu moja mashuhuri asili yake ni pwani hii hii ya Waswahili.

Katika Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, kuna msitu uitwao Arabuko-Sokoke. Mwaka 1978 Bibi Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na pande hizo, aliona watoto wa paka wa mwitu wasiofanana na wengine. Manyoya yao yalikuwa mafupi, yamelala juu ya ngozi, na madoa yake yalikuwa kama gome la mti. Miguu mirefu, mwili mwembamba. Akawalea. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao zamani, nao waliwaita kadzonzo. Baadaye Bibi Gloria Moeldrup aliwachukua baadhi yao hata Denmark, na mwaka 1984 wakaonyeshwa katika mji wa Copenhagen. Leo mbegu hiyo huitwa Sokoke katika daftari za vyama vya paka duniani.

Katika habari hii mna fundisho. Wale wa kwanza waliopelekwa Ulaya walikuwa wachache mno, na wachache wakizaliana ndugu kwa ndugu, damu hudhoofika na maradhi ya kurithi huongezeka. Kwa hiyo, katika miaka ya 2000, paka wengine walitafutwa tena pwani ya Kenya ili kuongeza damu mpya. Wenye kuilea mbegu kwa maarifa walijua ya kuwa paka wawili si jozi njema kwa sababu tu mmoja ni dume na mmoja ni jike. Yapasa kujua wametoka wapi.

4. Tamaa huanzaje?

Mtu mwenye paka mmoja mzuri huishi kwa furaha. Kisha siku moja humwona mwingine. Hapo tamaa huja, wala haiji na sura mbaya. Huja imevaa nguo za huruma, ikasema, "Yule wa nyumbani yu mpweke, mtafutie mwenziwe." Au huja imevaa nguo za akili ya biashara, ikasema, "Wakizaa utauza watoto, na fedha yako itarudi." Au huja imevaa nguo za bahati, ikasema, "Leo bei ni nafuu, kesho hutampata."

Sikilizeni mfano. Si habari ya nyumba fulani. Ni mfano wa kufikiri, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Watu wa nyumba moja walikaa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya namna ya zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Wao walipanga vyumba viwili: baba, mama, watoto wawili, na bibi yao mzaa baba. Baba alinunua paka mmoja wa Kiajemi, jike, mweupe, na watoto wakamwita Pamba. Pamba alichanjwa mara moja, na daktari wa wanyama akawaambia, "Mleteni tena baada ya majuma matatu, kwa kuwa chanjo ya kwanza peke yake haitoshi." Mama akaweka fedha ya chanjo katika kikopo juu ya kabati.

Kabla majuma matatu hayajatimia, baba alirudi sokoni jioni amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na paka mwingine, dume, rangi ya majivu. Watoto wakaruka kwa furaha.

Bibi akauliza, "Mwanangu, huyu naye umempata wapi?"

Baba akajibu, "Mama, kuna kijana anauza. Alikuwa akitaka bei kubwa, akanipunguzia. Tena amesema ni wa nasaba kama Pamba. Watazaa, nasi tutauza."

"Hati yake umeiona?"

"Amesema ataileta."

"Na chanjo?"

Baba akanyamaza. Mama akakitazama kikopo juu ya kabati, kilikuwa kitupu. Ile fedha ya chanjo ya Pamba ndiyo iliyotimiza bei ya mgeni.

Bibi akasema polepole, "Mwanangu, paka hanunuliwi siku moja. Hununuliwa kila siku anapokula. Walakini amekwisha ingia nyumbani. Basi usiku huu mweke chumba cha pili, peke yake."

Lakini watoto walitaka kuona urafiki wa paka wawili, na chumba cha pili ndicho walicholala wao. Wakawaweka pamoja. Wale paka wakanywa maji katika bakuli moja, na wakatumia sanduku moja la mchanga.

Siku mbili tatu mambo yalikuwa mema. Kisha yule mgeni akaanza kuhara kidogo, wakadhani ni chakula kipya. Siku ya saba Pamba alikataa kula. Akakaa juu ya bakuli la maji, kichwa kimeinama, bila kunywa. Akatapika povu, mwili ukawaka moto. Walipomfikisha kwa daktari wa wanyama, yule daktari alimpima akasema, "Haya ni maradhi yenye kuwaua paka wachanga upesi. Hakuna dawa ya kuviua virusi vyake vikiwa mwilini. Kazi iliyobaki ni kumtia maji na kumkinga na maradhi mengine, ili mwili upigane wenyewe."

Pamba akafa usiku wa pili. Yule dume akapona.

Kulipokucha mtoto mdogo akamwendea bibi yake uani, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, tulimletea Pamba rafiki. Mbona amekufa?"

Bibi akamweka karibu naye, akamjibu, "Mjukuu wangu, Pamba hakuomba rafiki. Alihitaji sindano yake ya pili. Sisi tulimpa kile tulichokitaka sisi."

5. Kwa nini Pamba alikufa?

Watu husema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Methali hiyo ni kweli, lakini yafaa kujua sababu zenyewe, ili mtu asidhani ni bahati mbaya tu.

Sababu ya kwanza ni chanjo kutotimia. Mtoto wa paka hupata kinga katika maziwa ya mama yake. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huweza kuizuia chanjo isishike mwilini. Nayo hupungua kidogo kidogo, wala hapana ajuaye kwa kutazama tu imekwisha siku gani. Kwa hiyo paka mdogo huanza kuchanjwa akiwa na majuma 8 hivi, akarudiwa kila baada ya majuma 3 au 4, hata afikie majuma 16. Akosaye moja ya hizo huwa kama nyumba iliyojengwa pande tatu bila ya nne.

Sababu ya pili ni kukosa karantini. Maana ya karantini ni kumtenga mgeni mpaka ijulikane kuwa yu mzima. Maradhi hukaa kwanza mwilini siku kadhaa kabla hayajaonekana. Mnyama acheza, na huku anayachukua. Paka mgeni yapasa atengwe majuma 2 kwa uchache, awe na bakuli lake, sanduku lake la mchanga na kitambaa chake. Na mtu amhudumiaye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mwingine. Virusi vilivyomwua Pamba huweza kukaa katika sakafu na vyombo muda wa mwaka mzima. Kufagia hakuviondoi, hupasa kuosha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji. Na nyumba iliyopata msiba huo isilete mtoto wa paka asiyekwisha chanjwa.

Sababu ya tatu ni fedha. Fedha ya kumlinda wa kwanza ilitumika kumpata wa pili. Hapo ndipo penye shina la jambo lote. Tamaa mara nyingi haimfanyi mtu mwovu. Humfanya alipe bei ya leo kwa fedha ya kesho.

6. Hesabu ya paka

Waswahili husema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Basi chukueni kalamu.

Masanduku ya mchanga: kanuni ya wafugaji ni sanduku moja kwa kila paka, na moja zaidi. Paka mmoja, masanduku 2. Paka wawili, masanduku 3. Paka watatu, masanduku 4. Katika chumba cha kupanga cha Kariakoo, masanduku hayo yatawekwa wapi?

Chakula: paka ni mla nyama. Hawezi kuishi kwa ugali wala wali uliotiwa mchuzi. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kimoja kinachopatikana katika nyama na samaki, na akikikosa hupofuka na moyo wake huharibika. Dagaa waliochemshwa bila chumvi humfaa kwa sehemu, wala si peke yao siku zote. Maziwa, ambayo watu hudhani ndiyo chakula chake, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Uzazi: paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 5 au 6 tu. Huchukua mimba majuma 9 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 3 mpaka 5. Katika nchi za baridi paka hupumzika uzazi wakati siku zinapokuwa fupi. Lakini Dar es Salaam iko karibu na mstari wa Ikweta. Mchana wake haupungui sana mwaka mzima, na kwa hiyo paka aweza kuzaa wakati wowote wa mwaka. Jike akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila mara, hao ni 8. Nusu yao wakiwa majike, nao kabla ya mwaka kutimia wengine watakuwa na mimba. Mwenye jozi moja amejikuta na kundi.

Na biashara je? Mtoto wa paka hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya majuma 12. Katika majuma hayo atakula, atachanjwa, na atapewa dawa ya minyoo. Jike wa uso mfupi huweza kushindwa kuzaa mwenyewe, akahitaji kupasuliwa. Mwenye kuuza bila kuyatoa hayo yote huuza maradhi. Mwenye kuyatoa yote huona faida imepungua sana. Tena ikiwa dume na jike ni ndugu, kama wauzaji wengi wanavyotoa wawili wa tumbo moja, hakuna nasaba njema itakayotoka hapo.

Umri: paka atunzwaye vema huishi miaka 12 hata 15, na wengine zaidi. Mtoto wa miaka 11 akipewa paka mchanga leo, na paka yule akiishi miaka 15, siku ya kumzika yule mtoto atakuwa mtu mzima wa miaka 26. Ahadi ya paka wawili ni ahadi hiyo mara mbili.

7. Je, paka hupata upweke?

Swali hili ni la haki, na lapasa kujibiwa kwa haki. Kimburu, babu wa paka, huwinda peke yake. Si mnyama wa kundi kama mbwa mwitu. Paka wa sokoni hukusanyika penye chakula kingi, na majike walio ndugu huweza hata kusaidiana kulea. Lakini mgeni akiingia katika mipaka yao hufukuzwa kwa makucha. Kwa hiyo paka aliyezoea kuwa peke yake hamwoni mgeni kuwa zawadi. Humwona kama mpangaji aliyeingizwa chumbani mwake bila kuulizwa. Dalili zake ni kujificha, kupigana, kukataa chakula, na kukojoa nje ya sanduku.

Walakini, si kila nyumba yenye paka wawili imekosa. Ndugu wawili waliokua pamoja tangu wachanga mara nyingi hupendana. Wakiwa wamehasiwa, hakuna hofu ya uzazi. Basi aliye na nafasi, fedha na wakati huweza kuwachukua wawili kwa pamoja, baada ya kuwaza. Lililo baya ni kuwachukua kwa kupepesuka sokoni.

Mtu atakaye wa pili na ajiulize maneno matano haya:

Kwanza, je, yule wa kwanza amekwisha timiza chanjo zake, pamoja na ya kichaa cha mbwa?

Pili, je, kiko chumba cha kumtenga mgeni majuma 2?

Tatu, je, fedha ya chakula na ya daktari iko, bila kugusa karo, kodi ya nyumba wala viatu vya watoto?

Nne, je, wote wawili watahasiwa, au kama sivyo, watoto wao watakwenda kwa nani?

Tano, je, mwuzaji amekubali kumwonyesha mama wa yule paka, hati yake, na kadi ya chanjo?

Jibu moja likiwa "hapana", mgeni na abaki alipo.

8. Mambo ya kukumbuka nyumbani

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ilitungwa mwaka 2008. Basi kumtesa mnyama au kumwacha bila matunzo si jambo la mtu na nyumba yake tu. Tena katika Uingereza, mwaka 1979, baraza la ustawi wa wanyama wa kufugwa liliandika mambo matano ambayo kila mnyama yapasa ayapate: asipate njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe na maumivu wala maradhi, asizuiwe kuishi kwa tabia ya jinsi yake, asitiwe hofu wala dhiki. Mambo hayo hayakuandikiwa paka wa nasaba peke yake. Paka wa chini ya meza ya mwuza dagaa naye yumo.

Usimpe paka dawa ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho humtuliza mtu maumivu ya kichwa, humwua paka. Dawa nyingi za kuua viroboto wa mbwa pia ni sumu kwake, na vitunguu humharibia damu. Paka mwenye viduara vya ngozi visivyo na manyoya apelekwe kwa daktari, kwa maana choa chake huambukiza watoto.

Mtu akiumwa na paka au mbwa, na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa hakina tiba kikisha onyesha dalili, lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa mtu. Chanjo hiyo ilitumiwa mara ya kwanza na Louis Pasteur, huko Ufaransa, mwaka 1885, kwa mtoto mwanamume aliyeumwa na mbwa. Na yule mtoto akapona.

Mwisho, paka asiye na hati si paka asiye na thamani. Manyoya yake mafupi yamezoea joto la Dar es Salaam. Pua yake ni ndefu na pumzi yake ni nyepesi. Tena wako wengi wasio na mwenyewe. Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Maana yake, aliye wa nyumbani hafukuzwi. Basi mtu na amtazame kwanza yule aliyekwisha kuwa wa nyumbani. Akimtimizia haki yake yote, na bado mkono una kitu na chumba kina nafasi, ndipo afikiri habari ya mwingine.

MASWALI

1. Asili ya paka wa nyumbani ni mnyama gani?
2. Eleza tofauti ya paka wa nasaba na paka wa mtaani.
3. Kwa nini paka wa Sokoke wengine walitafutwa tena Kenya katika miaka ya 2000?
4. Tamaa huvaa nguo gani tatu? Toa mfano wa kila moja katika mambo mengine ya maisha.
5. Taja sababu tatu za kufa kwa Pamba. Ipi ilikuwa shina la nyingine? Eleza.
6. Nyumba yenye paka 5 yahitaji masanduku mangapi ya mchanga?
7. Jike mmoja huzaa mara 2 kwa mwaka, watoto 3 kila mara. Kila mtoto huchanjwa mara 2 kabla ya kuuzwa. Chanjo ngapi zitahitajiwa kwa mwaka?
8. Andika barua fupi kwa rafiki yako atakaye kununua paka wawili siku moja. Mshauri kwa adabu.